Rangi yenye madini ya risasi kwenye nyumba za zamani: maswali ninayoulizwa kila ukarabati unapoanza

Ukarabati wa nyumba ya zamani hapa pwani huanza na sauti mbili: nyundo na grinda. Na nyundo sina ugomvi. Ila fundi akiinua grinda mbele ya mlango uliopakwa rangi mara nane tangu enzi za Mwingereza, mimi hukimbilia kuchomoa waya ukutani kwanza, salamu baadaye. Nasimamia kazi za namna hii, na maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na wenye nyumba, mafundi rangi, wapangaji, na bibi mmoja wa Mji Mkongwe aliyeapa hahami kwake ng'o kwa sababu ya vumbi. Alihama siku ya tatu.

Risasi? Hii si ile ya bunduki?

Ndiyo hiyohiyo: metali nzito, laini, ya kijivu. Kwenye rangi iliingia kama unga. Kulikuwa na unga mweupe, uliofanya rangi ifunike vizuri. Kulikuwa na wa njano, ambao ukichanganywa na buluu ulitoa kijani cha madirisha ya shule na vituo vya reli. Kulikuwa na wa rangi ya chungwa, praima ya chuma ya kuzuia kutu. Na kiasi kidogo kilitiwa katika rangi nyingi za mafuta ili zikauke upesi.

Haukuwa upumbavu. Rangi ile ilikuwa ngumu, ikastahimili jua na chumvi ya bahari. Mafundi wazee wanaisifu hadi leo, na kwa upande wa kudumu hawasemi uongo. Lakini ubaya wake nao haukuwa siri: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1921 wa kuzuia unga mweupe wa risasi katika kupaka ndani ya majengo. Karne imepita na sisi bado tunaukwangua milangoni.

Nyumba yangu ni ya mawe na chokaa, ina zaidi ya miaka mia. Kuta zote zina sumu?

Yaelekea sivyo, na hapa ndipo watu wengi wanapotishika bure. Chokaa ya kienyeji, ile ya matumbawe yaliyochomwa, haina rangi ya risasi ndani yake. Nyumba za Lamu, za Mombasa Mji wa Kale na za Mji Mkongwe zilipakwa chokaa ukutani miaka nenda miaka rudi. Kuta zikiwa bado na chokaa tu, tatizo lako kubwa ni unyevu.

Risasi itafute palipopita rangi ya mafuta. Anza na milango na miimo yake, shata na luva za madirisha, nguzo za roshani, ngazi za mbao na mikono yake, nondo za madirisha, boriti za chuma, mabati ya paa. Halafu kuna sehemu moja ambayo hata wasanifu huisahau: ule ukanda wa rangi ya mafuta unaopakwa nusu ya chini ya ukuta ili uweze kufutwa kwa tambara. Shule, zahanati, korido za ofisi za serikali, jikoni kwa watu, kote upo. Na upo kwenye kimo cha mtoto kabisa.

Kuna mwaka ambao nyumba iliyojengwa baada yake iko salama?

Marekani wana mwaka wao, 1978, ambapo rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani. Watu hapa huusoma mtandaoni wakapumua: "Nyumba yetu ni ya 1985." Mwaka ule ni wa kwao. Rangi haikuvuka bahari na sheria yake.

Viwango vya sasa vya Kenya na Tanzania vinataka risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni, yaani miligramu 90 katika kilo nzima ya rangi iliyokauka. Lakini ni viwango vya juzijuzi. Shirika la AGENDA la Dar es Salaam, pamoja na mtandao wa kimataifa wa IPEN, wamekuwa wakinunua makopo madukani na kuyapima, na rangi za mafuta zenye rangi kali, hasa njano, zimewahi kukutwa zikipita kikomo hicho mbali sana. Kwa hiyo nyumba ya 1930 iliyobaki na chokaa yake inaweza kuwa salama kuliko chumba cha watoto kilichopakwa njano mwaka 2006. Usiulize umri wa nyumba peke yake. Uliza kila tabaka ni la rangi gani na lilipakwa lini.

Rangi imeshika vizuri, haibanduki. Kwa nini nihangaike?

Ikiwa hutaigusa, usihangaike sana. Rangi iliyoshika, iliyofunikwa na matabaka mapya, haimrukii mtu. Mambo hubadilika unapoigeuza vumbi.

Chukua kalamu tuhesabu. Wamarekani huiita rangi kuwa ni ya risasi ikifikia miligramu 1 kwa sentimita moja ya mraba. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo kipande hicho cha mlango kina gramu 10 za risasi. Kuanzia mwaka 2021, sakafu kwao haikuhesabiwa kuwa safi baada ya kazi ikiwa vumbi lake lina mikrogramu 10 au zaidi za risasi kwa futi moja ya mraba, na kikomo hicho kimeshushwa tena tangu hapo. Gramu 10 zikisagwa na kutawanywa sawasawa, zinatosha kuchafua kwa kiwango hicho zaidi ya mita za mraba 90,000. Hivyo ni viwanja vya mpira 13. Kutokana na mita moja ya mlango.

Angalia pia sehemu zinazosuguana hata bila fundi: dirisha linalobana, mlango unaokwaruza kizingiti, ngazi. Kila ukifungua na kufunga, unasaga kidogo.

Nitajuaje kama rangi yangu ina risasi?

Njia ya uhakika ni maabara. Kata kipande kidogo cha rangi kwa kisu kikali mpaka ufikie mbao au plasta yenyewe, kwa sababu risasi mara nyingi imelala kwenye matabaka ya chini kabisa. Ukikwangua juujuu utapima rangi uliyonunua mwaka jana. Lowesha mahali kwanza, tia kipande ndani ya kimfuko, andika kilipotoka. Ulizia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwenye idara za kemia za vyuo vikuu, au maabara zinazopima sampuli za madini.

Kuna bunduki ya eksirei ya mkononi inayosoma metali papo hapo bila kukwangua chochote. Wanunuzi wa madini wanazo, na kama una rafiki Geita au Kahama unajua ninachosema. Ila kifaa lazima kiwe kimepangwa kwa ajili ya rangi. Kilichopangwa kwa ajili ya mawe kitakuambia risasi ipo au haipo, idadi usiiamini.

Vijiti vya kupima vinavyobadilika rangi vinauzwa mtandaoni. Vinasaidia, lakini vina ujanja wake. Kile kinachogeuka chekundu hudanganywa na rangi nyekundu inayochuja, na juu ya plasta ya jipsamu kinaweza kunyamaza ilhali risasi ipo. Kinachogeuka cheusi huweza kushtuka kwa metali nyingine.

Na kama huwezi kupima kabisa? Chukulia kuwa ipo. Ndivyo ninavyofanya kwenye kazi nyingi, kwa sababu kazi ya maji na usafi hugharimu kidogo kuliko kusubiri majibu huku vibarua wamekaa.

Nani hasa anaumia?

Watoto wadogo mbele ya wote. Risasi waliyoimeza mwili wao huifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na wao ndio wanaotambaa, kushika vizingiti na kutia vidole mdomoni. Ubongo unaojengwa ukiingiliwa na risasi hupoteza uwezo wa kujifunza, na kilichopotea hakirudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Daktari wa macho wa Brisbane, Australia, Lockhart Gibson, aliliandika hili mwaka 1904. Watoto aliowatibu waliishi katika nyumba za mbao zenye varanda, na rangi ya reli za varanda ilikuwa imegeuka unga kwa jua. Walishika reli, kisha wakala mkate. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye baraza na roshani anaiona picha hiyo bila kuchorewa.

Baada ya watoto ni wajawazito. Risasi ikiingia mwilini huondoka kwenye damu kwa muda wa wiki na miezi, lakini nyingine huhamia kwenye mifupa na kukaa humo miaka kumi, ishirini, thelathini. Mimba ikija, mifupa inapotoa madini kwa ajili ya mtoto, risasi ya zamani hutoka nayo. Mama mjamzito anayependa kula udongo, tafadhali asiguse ule wa ukuta wa nyumba inayokarabatiwa.

Kisha mafundi wenyewe. Hao hula dozi kila siku ya kazi, jioni wakaipeleka nyumbani kwenye mikunjo ya suruali.

Tunaweza kuendelea kukaa humo wakati wa kazi?

Wakubwa bila watoto, kwa chumba kimoja kilichofungwa vizuri, pengine. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka sita au mjamzito, hapana. Wapelekwe kwa shangazi, kwa bibi, popote. Na wasirudi usiku "kulala tu", maana vumbi linalotua usiku ndilo wanalolivuta.

Fundi anasema lazima rangi yote ya zamani itoke. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli, na hapa ndipo pesa na afya hupotea pamoja. Fundi wa rangi hufurahia ukuta uliovuliwa hadi mwilini kwa sababu kazi yake mpya itang'aa. Lakini kila tabaka unaloliacha limelala ni vumbi ambalo halikuzaliwa.

Mimi hugawa kazi hivi. Palipo imara, pasipo na msuguano, paoshe kwa maji na sabuni, paguse kwa msasa wa maji kidogo ili rangi ishike, kisha paka juu. Ukanda wa mafuta ukutani unaweza kufunikwa kwa bodi au plasta mpya. Andika mahali kwamba chini yake pana nini, ili mjukuu asije akakitoboa bila kujua. Palipobanduka, kwangua magamba yaliyolegea peke yake, kwa skrepa ya mkono, huku mtu wa pili akipulizia maji kwa chupa. Maji ndiyo siri yote. Isipokuwa karibu na soketi na waya: hapo zima umeme kwanza.

Madirisha na milango inayosuguana ndiyo kazi halisi. Ing'oe kwenye bawaba, ifungie nailoni, ipeleke mahali palipotengwa, na hapo ndipo utoe rangi pembezoni panapogusana. Kama mbao imeoza, badilisha kipande.

Yasiyofanywa kabisa: kusaga kavu kwa grinda au mashine ya msasa isiyofyonza vumbi lake, kupiga mchanga kwa presha bila kuzingira, na kuunguza kwa moto wa gesi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na moto wa gesi hupita hapo mbali; kinachopanda si moshi wa rangi tu bali mvuke wa risasi, na barakoa ya vumbi haiutoshi. Kipulizo cha hewa moto kinaweza kutumika kwa moto mdogo, rangi ilainike na kuvimba bila kutoa moshi. Sheria ya Marekani inakataza kupita nyuzi joto 593 za selsiasi. Mimi hukaa chini sana ya hapo.

Dawa ya kutoa rangi, ile mafundi wanayoiita rimuva, haitoi vumbi, lakini soma kopo. Yenye methilini kloridi imeua watu waliojifungia bafuni nayo. Na kostiki soda usiipake kwenye mlango wa nakshi: huufanya mti kuwa mweusi na kuinua nyuzi zake, nakshi ya mninga ikabaki kama imelambwa na mchwa. Kwenye Mji Mkongwe, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Lamu, tangu 2001, kazi ya mlango wa namna hiyo uliza kwanza kwa mamlaka ya hifadhi. Wana vibali vyao, na mara nyingi watakuambia uache matabaka ya zamani yalivyo, jambo ambalo kwa mapafu yako pia ni jema.

Barakoa za korona zilizobaki kabatini zinatosha?

Hazitoshi. Ile ya bluu ya hospitali inavuja pembeni kotekote. Unahitaji angalau ya daraja la FFP3, au ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100 vinavyobadilishwa.

Sasa suala la ndevu, ambalo mafundi hunijia nalo faraghani. Barakoa ya kubana haishiki juu ya ndevu. Hewa chafu hupita kama maji kwenye tenga. Simwambii mtu anyoe kitu anachokifuga kwa dini yake. Kuna kofia zenye feni zinazopuliza hewa safi ndani na hazihitaji kubana uso, ila bei yake ni ya kampuni kubwa. Ninachofanya ni kumpa fundi huyo kazi isiyo na vumbi: kupaka, kuranda mbao mpya, kufunga bawaba. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Joto nalo. Mtu aliyevaa ovaroli na barakoa ya mpira mwezi wa pili Mombasa hafiki saa nzima. Kazi ya kukwangua ianze alfajiri, kwa zamu fupi, na pawe na mahali pa kuvulia vifaa ambapo hamna vumbi. Fundi anayeshusha barakoa kidevuni kila baada ya dakika kumi ili apumue ni sawa na asiyevaa.

Nikiwapa mafundi maziwa jioni, si yanaosha sumu?

Ningekuwa napewa shilingi kila ninapoulizwa hili. Maziwa hayaoshi risasi. Wapakaji, wachomeaji na mafundi betri wamenyweshwa maziwa miaka mingi, na lililo baya ni kwamba pakiti ya maziwa imekuwa kisingizio cha kutonunua barakoa. Chembe ya ukweli iliyomo ni hii: mtu mwenye upungufu wa kalisi au madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo maziwa, dagaa, mchicha, maharage ni chakula kizuri kwa fundi na kwa mtoto, kila siku. Si dawa ya kumeza baada ya kula vumbi mchana kutwa.

Jambo linalosaidia zaidi ni la bure: kunawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na kutokula chochote ndani ya eneo la kazi. Chapati iliyowekwa juu ya kopo la rangi ni chapati ya risasi.

Na kwa wanaofunga: tumbo tupu hufyonza risasi nyingi kuliko lililo na chakula. Kazi za kukwangua mimi huzipanga kabla ya Ramadhani au baada ya Idi, mwezi wenyewe tunapaka na kufunga vitasa.

Kazi ya nje ina hatari kidogo, si ndiyo? Upepo unapeleka vumbi mbali.

Mbali wapi? Kwa jirani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye biriani ya kuuza. Kusi ikivuma usikwangue nje kabisa. Subiri asubuhi iliyotulia. Tandaza nailoni nzito chini, iende mita mbili au tatu kutoka ukutani, ukunje kingo zake juu, na kila jioni kusanya magamba kabla giza halijaingia. Udongo chini ya ukuta wa zamani mara nyingi tayari umechafuka kwa magamba ya miaka iliyopita. Kuku wanaodonoa hapo watakurudishia risasi hiyo kwenye mayai. Watoto wasichezee hapo. Mwaga kifusi safi juu au panda majani.

Kama mnakinga maji ya mvua, paa ni swali la kwanza. Mabati yaliyopakwa rangi ya zamani inayobanduka huteremsha magamba moja kwa moja kwenye tangi. Kabla ya kugusa paa, ondoa mfereji unaoingiza maji tangini, uurudishe baada ya mvua kadhaa za kuosha, na safisha matope ya chini ya tangi.

Tukimaliza, tunafagia?

Msifagie. Ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani, nalo hutua upya baada ya nyinyi kuondoka. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, kwani hunyonya mbele na kutema vumbi laini nyuma. Yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe 99.97 katika kila mia, ndiyo inayofaa, ulizia kukodi.

Bila mashine, fanya hivi: acheni chumba kitulie saa nzima milango imefungwa. Kunjeni nailoni kwa ndani, kama mtu anayefunga mkate wa kumimina asimwage makombo. Kisha tambara lililolowa maji ya sabuni, kuanzia juu kwenda chini, sakafu mwisho, mkitumia ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Maji yakichafuka badilisheni. Rudieni siku ya pili kwa matambara mapya. Kingo za madirisha zifutwe mara tatu. Maji machafu yaende chooni, yasimwagwe uani wala kwenye mtaro wa baharini.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na za watoto. Fundi aoge kabla ya kumbeba mwanawe.

Niandike nini kwenye makubaliano na fundi?

Andika kazi, si ahadi. "Hakuna kusaga kavu." "Hakuna moto." "Nailoni sakafuni kabla ya kuanza kila siku." "Usafi wa maji mara mbili, na malipo ya mwisho baada yake." Barakoa na sabuni zinunuliwe na mwenye nyumba na zihesabiwe kwenye bajeti, la sivyo ndivyo vitu vya kwanza kukatwa. Niliwahi kuacha usafi uwe kwenye mstari mmoja na "mengineyo", nikakuta umefanywa kwa ufagio dakika kumi kabla ya mwenye nyumba kufika. Kosa lilikuwa langu.

Mtoto alikuwemo tukikwangua bila kujua. Nimpeleke hospitali?

Mpeleke, hata akiwa anacheza vizuri. Sumu ya risasi kwa kawaida haina dalili, au ina zile za kila ugonjwa: tumbo kuuma, kukosa choo, uchovu, upungufu wa damu, ukali usio wa kawaida. Ni rahisi kupewa dawa ya minyoo ukarudi nyumbani. Mwambie daktari wazi: "Tumekwangua rangi ya zamani, naomba kipimo cha risasi katika damu." Si kila hospitali inakifanya, sampuli inaweza kupelekwa mbali. Degedege au kuzimia ni dharura, usisubiri kipimo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dawa za kuitoa risasi mwilini huanza kufikiriwa kwa watoto kwenye mikrogramu 45 na kuendelea, chini ya uangalizi wa hospitali. Dawa za mtandaoni za "kuosha mwili" achana nazo.

Tafuta pia vyanzo vingine kabla ya kuulaumu mlango. Baadhi ya wanja wa macho ni madini ya risasi yaliyosagwa. Sufuria zinazoyeyushwa mtaani kutoka vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi chakulani. Na je, jirani anavunja betri za magari? Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri, wakapigania haki yao wakiongozwa na mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Ndugu zangu wamehamia Marekani, wanaishi kwenye ghorofa la zamani. Nao wajihadhari?

Sana. Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi hupangishiwa nyumba za bei nafuu, na za bei nafuu mara nyingi ni za kabla ya 1978. Huko wana haki ambazo sisi hatuna: mwenye nyumba anatakiwa kuwaeleza anachokijua kuhusu rangi ya risasi kabla hawajasaini mkataba, na tangu Aprili 2010 mkandarasi anayelipwa kuvuruga rangi katika nyumba hizo lazima awe na cheti. Waulize kliniki ya watoto kipimo cha damu. Kwa watoto wa wakimbizi hufanywa wanapofika na kurudiwa miezi michache baadaye.

Mbao na mabati yaliyotolewa nayapeleka wapi? Mama lishe wa jirani ameziomba mbao.

Usimpe. Najua inauma kumnyima mtu kuni, lakini mbao yenye rangi ya mafuta ikiungua hutoa risasi kwenye moshi, na inayobaki hukaa kwenye majivu ambayo yeye atasugulia sufuria. Mnunulie gunia la mkaa, itakuwa nafuu kwenu wote. Vivyo hivyo kwa mwoka mikate, na kwa fundi wa majiko anayetaka mabati yenye rangi. Mbao hizo zisigeuzwe kitanda cha mtoto wala banda la kuku.

Magamba, nailoni zilizotumika na matambara vifungwe ndani ya nailoni ya ujenzi, kisha kwenye kiroba kizima kilichofungwa kwa waya. Mifuko ya plastiki ya dukani haipo tena tangu marufuku ya 2017 Kenya na 2019 Tanzania, na hata hivyo ilikuwa inapasuka. Andika juu kwa kalamu nene kilichomo. Piga simu halmashauri au ofisi ya mazingira, NEMA kwa Kenya na NEMC kwa Tanzania Bara, uulize dampo gani linapokea. Mpaka wakujibu, kiroba kikae kwenye stoo iliyofungwa, juu ya ubao, pasipofikiwa na mvua. Mlango wa nakshi unaotaka kumuuzia mtu wa vitu vya kale unaweza kuuzwa, ila mwambie mnunuzi una rangi gani, na asiupeleke kwa fundi mwenye grinda.